Jason Sendwe, Mtoto wa Kabongo

Ndugu zetu wa Kabongo, mlio nyumbani na mlio mbali, mwaka huu tunamkumbuka mzee wetu Jason Sendwe.

Alizaliwa mwaka 1917 kijijini Mwanya. Alisoma shule za misheni ya Kiprotestanti, kisha akafundishwa kazi ya msaidizi wa daktari. Wakati wa Wabelgiji, Mkongo hakuruhusiwa kupita cheo hicho hospitalini.

Mwaka 1957 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Balubakat, umoja wa Baluba wa Katanga uliokuja kuwa chama cha siasa, naye akawa rais wake. Mwaka 1960 aliingia bunge la taifa, na serikali ya Lumumba ikamteua kuwa kamishna wake Katanga. Tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza kuitenga Katanga. Watu wa kaskazini walikataa, na vita vikaja mpaka milangoni mwetu: vijiji vilichomwa, familia zikakimbia. Tusifiche pia kwamba vijana wa chama chetu walimwaga damu. Sendwe alishikilia neno moja, Kongo isigawanyike. Mwaka 1961 akawa Makamu wa Waziri Mkuu katika serikali ya Adoula.

Utengano ulikwisha Januari 1963. Septemba mwaka huo alichukua urais wa jimbo la Katanga ya Kaskazini, makao yake Albertville, leo Kalemie. Alikabidhiwa jimbo lililochoshwa na vita, na chama kilichogawanyika. Mwaka 1964 wenzake walimwondoa madarakani, kisha akarudi. Wakati sisi kwa sisi tukigombana, uasi wa Simba ulikuwa njiani. Mwishoni mwa Mei waasi walimkamata, jeshi likamwokoa. Mwezi Juni mji ukaanguka mikononi mwao, naye akauawa. Hakufikisha miaka 50.

Hospitali kubwa ya Lubumbashi inaitwa kwa jina lake, na wengi wetu tumetibiwa au kuzaliwa humo. Jina hilo linamfaa mtu aliyeanza kazi kwa kuhudumia wagonjwa. Lakini mama wa kijijini anayeshikwa na uchungu usiku hawezi kufika Lubumbashi. Ndiyo maana michango ya mwaka huu tunaielekeza kwenye afya nyumbani. Adui aliyemdhoofisha Sendwe kabla ya waasi ni mgawanyiko wetu wenyewe. Basi tuchange pamoja, bila kuulizana nani ni wa upande gani.