Tarishi wa Milima ya Theluji

Barua ikishatufikia mkononi, ni wachache wetu wanaouliza ilipita njia gani na ni nani aliyeibeba. Leo tumtazame tarishi mmoja aliyebeba barua za watu mgongoni kwa miaka mingi, akivuka milima iliyofunikwa na theluji, peke yake, bila bunduki wala blanketi. Mtu huyo ni John Thompson, ambaye huko Marekani magharibi anakumbukwa hadi leo kwa lakabu ya Snowshoe Thompson, yaani Thompson wa Viatu vya Theluji.

Alizaliwa mwaka 1827 huko Tinn, katika jimbo la Telemark, nchini Norwe, na wazee wake walimpa jina la Jon Torsteinson Rue. Kwao theluji hukaa miezi mingi, na mtoto hujifunza kutembea juu yake kwa mbao za kutelezea kama mtoto wa pwani ajifunzavyo kupiga kasia. Alipokuwa na umri wa miaka 10 jamaa zake walihamia Marekani. Mwaka 1851 aliwasili California kutafuta dhahabu, kama walivyofanya maelfu ya wenziwe. Dhahabu haikumtajirisha, akaishia kushika ukulima karibu na mji wa Sacramento.

Sasa, upande wa mashariki wa California imesimama safu ya milima iitwayo Sierra Nevada. Ng'ambo yake, katika bonde la Carson, walikuwako walowezi wachache. Siku za joto watu walivuka kwa farasi na kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Lakini baridi ilipoingia, theluji iliziba mapito yote, na watu wa bondeni wakawa kama waliofungiwa kisiwani pasi na chombo. Mwaka 1855 Thompson alisoma gazetini kwamba anatakiwa mtu wa kuwapelekea barua. Hapo akazikumbuka mbao za utotoni mwake.

Akachonga mbao mbili za mti mgumu wa mwaloni, kila moja ya urefu wa futi 10, zimepinda mbele kama omo la mtumbwi. Jozi nzima ilikuwa na uzito wa pauni 25. Wenyeji wa huko waliziita viatu vya theluji, na hiyo ndiyo asili ya lakabu yake. Mwezi wa Januari 1856 akaondoka mji wa Placerville na mfuko wa barua mgongoni, na watu wengi hawakutumaini kumwona tena. Siku tano baadaye alikuwa amekwenda na kurudi. Njia ilikuwa ya maili 90: siku tatu za kwenda, maana ni kupanda, na siku mbili za kurudi.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yake kila majira ya baridi. Mzigo wake ulikuwa wa pauni 60 hadi 100. Chakula chake kilikuwa nyama kavu na biskuti, na usoni alijipaka masizi ili mng'ao wa theluji usimpofushe macho. Njia haikuonekana, kwa hiyo alijiongoza kwa nyota, upepo, miti na mikondo ya mito, kama nahodha kwenye bahari kuu. Usiku alikiwasha moto kisiki kikavu, akatandika matawi chini na kulala miguu ikiuelekea moto. Dhoruba ikimzidi, yasimuliwa kuwa alipanda juu ya mwamba akacheza ngoma za kwao mpaka kuche, damu isije ikaganda.

Yasimuliwa pia kwamba siku moja, katika bonde la Hope, aliwakuta mbwa-mwitu wakifukua mzoga thelujini. Walipomwona waliketi safu moja wakimkodolea macho. Naye hakugeuka wala hakuongeza mwendo, akawapita kama kwamba hawapo, nao wakarudia mlo wao.

Lakini kisa kinachotajwa zaidi ni cha Desemba 1856. Katika kibanda kimoja cha mlimani alimkuta mtu aitwaye James Sisson, miguu imeganda kwa baridi, amelala hapo siku 12. Thompson akateremka bondeni usiku, akakusanya watu, akawapa mbao za kutelezea, nao wakamleta mgonjwa kwa kumburura juu ya theluji. Tabibu akasema miguu haina budi kukatwa, na dawa ya kumtia mgonjwa usingizi haipo. Basi Thompson akavuka tena milima hadi Sacramento, akaileta dawa hiyo. Sisson akapona.

Mtu kama huyu ungedhani alilipwa vizuri. La! Ahadi zilikuwa nyingi, lakini serikali ya Marekani haikumlipa ujira wake. Mwaka 1869 reli ilikamilika kuvuka nchi, na mizigo ya barua ikapanda gari la moshi. Mapema katika miaka ya 1870 alifunga safari hadi Washington kudai haki yake. Gari la moshi liliponaswa na theluji njiani, alishuka akaendelea kwa miguu mpaka mji wa Cheyenne. Alifika Washington, madai yake yakasikilizwa, akarudi mikono mitupu.

Hata hivyo, kwa miaka yote hiyo hakuzitupa barua za watu theluji ilipomzidi, wala hakuwaacha wa bondeni wakingoja bure. Deni lilikuwa la serikali. Barua zilikuwa amana ya mama anayengoja habari za mwanawe, na Thompson hakumtoza mmoja kosa la mwingine.

Alifariki tarehe 15 Mei 1876 shambani kwake katika bonde la Diamond, akiwa na umri wa miaka 49, akazikwa Genoa, kijiji kile kile cha bonde la Carson alichokipelekea barua. Juu ya jiwe la kaburi lake zimechongwa mbao mbili za kutelezea, zimepishana. Ujira wake haukulipwa hata baada ya kufa kwake.