Maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, na Habari za Watu wa Rufiji

Ndugu wasomaji, mwezi huu twawaletea habari za mtu ambaye jina lake lajulikana na kila mtoto wa shule, yaani Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyekuwa Rais wa kwanza wa nchi yetu. Habari za siasa zake zimekwisha kuandikwa mara nyingi na watu wenye elimu kutupita sisi. Hapa twapenda kueleza jambo moja tu: jinsi alivyojitahidi kuuondoa umbali uliomtenga mtu wa shamba na dawa, na jinsi jambo hilo lilivyokuwa katika bonde la Rufiji na nchi ya Kibiti, wema wake na uchungu wake pia.

KUZALIWA KWAKE NA ELIMU YAKE

Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, upande wa mashariki wa ziwa Viktoria, katika kabila la Wazanaki. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa watu wale. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano katika wake 22 wa mtemi huyo. Ijapokuwa alikuwa mwana wa mtemi, hakulelewa kwa anasa. Alichunga mifugo na kushika jembe kama watoto wenzake. Alipopata miaka 12 alipelekwa shule ya Mwisenge huko Musoma, mwendo wa maili 26 kutoka kwao. Basi tangu utoto wake alijua maana ya kitu chema kilicho mbali, ambacho asiye na nguvu za kukifuata hukikosa.

Mwaka 1937 aliingia shule ya Tabora, na mwaka 1943 akaenda Makerere katika Uganda. Mwaka huo huo alibatizwa katika Kanisa Katoliki, akapewa jina la Julius. Baadaye alifundisha Tabora, kisha mwaka 1949 akasafiri kwenda Edinburgh katika nchi ya Uskoti, akarudi mwaka 1952 na shahada yake, akawa mwalimu huko Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilianzishwa, naye akawa kiongozi wake. Mwaka 1955 aliacha kazi ya shule, walakini jina la Mwalimu halikumwacha mpaka kufa kwake. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka mmoja baadaye akawa Rais.

NCHI ALIYOIPOKEA

Nchi aliyoipokea ilikuwa kubwa, na waganga wenye elimu ya hospitali walikuwa wachache mno. Hospitali nyingi zilikuwa mijini. Huko vijijini mara nyingi walioanza kazi ya tiba walikuwa wamisioni. Sisi Walutheri twakumbuka Machame na Bumbuli, ambako watu wengi walipona maradhi yao. Lakini misheni haikuweza kufika kila mahali, na pwani ya kusini ya Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopata kidogo.

Msomaji asiyeijua Rufiji na atutazamie kidogo tumweleze. Mto huo ni mkubwa kuliko mito yote ya nchi yetu. Huchukua maji ya Kilombero, ya Luwegu na ya Ruaha Mkuu, hupita katika bonde pana, kisha hugawanyika kuwa matawi mengi kabla ya kuingia baharini mkabala wa kisiwa cha Mafia. Huko kwenye delta imeota mikoko mingi kuliko mahali pengine popote katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na zamani majahazi yalichukua boriti zake mpaka Uarabuni. Watu wa visiwa vile ni wavuvi na wakulima wa mpunga. Njia yao ni maji, na chombo chao ni mtumbwi. Kaskazini ya bonde kuna nchi ya juu, ndiko Kibiti iliko, penye minazi, mikorosho na mihogo. Makao makuu ya wilaya yalikuwa Utete, ng'ambo ya kusini ya mto.

Basi fikirini, ndugu, hali ya mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa katika kisiwa kimojawapo, usiku, maji yakiwa yamekupwa. Mtumbwi hauwezi kupita mpaka maji yajae. Akifika bara, bado yuko mbali na hospitali. Na mtoto mwenye homa ya malaria hangoji maji kujaa. Sisi tuliovuka pale Ndundu kwa pantoni zamani, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2003, twajua jinsi safari fupi ilivyoweza kula siku nzima. Mtu mzima aliweza kuvumilia, bali mgonjwa hakuweza.

NIA YAKE

Mwaka 1967 lilitolewa Azimio la Arusha. Katika mambo yaliyomo, Mwalimu aliwaonya viongozi wenzake kwamba hospitali na barabara zilizojengwa mijini kwa fedha za mkopo hulipwa hatimaye na jasho la mkulima, naye mkulima ndiye asiyezitumia. Alitaka shule, maji safi na dawa zimfikie yeye aliyezilipia. Lakini aliona kizuizi kikubwa. Watu walikaa mbali mbali, nyumba moja huku na nyingine kule. Serikali maskini haiwezi kuweka mganga kila penye nyumba tatu. Kwa hiyo aliwataka watu wakusanyike vijijini. Hapo kwanza aliwataka waingie kwa hiari yao.

Mwaka 1968 mto Rufiji ulifurika kwa nguvu, mashamba yakaharibika, watu wakapata njaa. Serikali ikaona kwamba wakati umefika. Watu waliokaa katika bonde wakahamishwa, mwaka 1969, wakapelekwa katika nchi ya juu isiyofikiwa na maji, wakapangwa katika vijiji vya ujamaa. Jambo hilo likaitwa Operesheni Rufiji, nayo ilitangulia operesheni kubwa za nchi nzima zilizofuata miaka ya 1970.

WEMA ULIOPATIKANA

Tusiufiche wema uliopatikana. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 fedha za afya zilielekezwa vijijini kuliko zamani. Zahanati zikajengwa, na juu yake vituo vya afya, na juu yake hospitali za wilaya, ili mgonjwa aanze karibu na kwao na kupelekwa mbele ikiwa ugonjwa umezidi. Waganga wasaidizi wa vijijini wakafundishwa kwa wingi, pamoja na wauguzi wa kuwaangalia mama na watoto. Miaka ya 1980 ilipoanza, vituo vya afya vilizidi 200 na zahanati zilizidi 2,000 katika nchi nzima, na yapata watu 7 katika kila 10 walikaa ndani ya kilometa 5 kutoka mahali pa dawa. Tena tiba ya Serikali haikutozwa fedha.

Mwaka 1973 ilifanywa kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapata milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza mafundisho ya redio, wakasomewa vitabu vidogo, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufukia madimbwi ya mbu na kusafisha visima. Wengi wao walikuwa ndio kwanza wanajua kusoma. Na hospitali za makanisa hazikuachwa nyuma. Kadhaa zilifanywa hospitali teule za wilaya, zikisaidiwa na fedha za Serikali, na mwaka 1971 ikafunguliwa hospitali kuu ya KCMC huko Moshi, ambayo kanisa letu lilishiriki katika kuianzisha.

UCHUNGU ULIOPATIKANA

Walakini haitakuwa haki kutaja wema na kunyamaza juu ya uchungu. Mrufiji hakukaa bondeni kwa ujinga. Mafuriko yale yaliyomwogopesha mgeni ndiyo yaliyomlisha, maana maji yalipopungua yaliacha tope lenye rutuba, naye akapanda mahindi ya mlau bila kungoja mvua. Alijua mto wake kama mchungaji ajuavyo kondoo. Alipohamishiwa juu alikuta mchanga usiozaa kama ule wa bondeni. Shamba likabaki chini, nyumba ikawa juu, na kati yao mwendo mrefu. Nguruwe, nyani na viboko wakala mazao yasiyo na mlinzi.

Ikawaje? Msimu wa kilimo ulipofika, watu wengi wakarudi bondeni, wakajenga madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, wakakaa humo miezi mingi kulinda mpunga wao. Watoto wakafuatana na wazazi, wakakosa shule. Na mtu aliyeugua humo dunguni alikuwa mbali tena na zahanati, ingawa ni kwa ajili ya vitu kama hiyo zahanati alihamishwa. Umbali ulioondolewa mlangoni mwa mgonjwa ukawekwa mlangoni mwa mkulima, na wote wawili ni mtu mmoja.

Mwaka 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kukaa katika vijiji ni lazima kwa wote, na kazi hiyo imalizike mwaka 1976. Hiari ikaisha. Mahali pengine watu walipakiwa katika magari, na nyumba zao zikatiwa moto ili wasirudi. Hatusemi kwamba yeye aliagiza kila ukatili uliotendwa na watu wa chini yake, lakini mkuu wa nyumba huulizwa habari za nyumba yake. Naye mwenyewe katika uzee wake hakukataa kwamba makosa yalifanyika.

Kisha yakaja mashaka mengine. Bei ya mafuta ilipanda, mvua zikakosekana miaka mingine, na vita na Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vikala fedha nyingi. Zahanati zilikuwapo, mganga yumo, lakini kabati la dawa ni tupu. Mwaka 1984 sehemu nyingi zilianza kupokea masanduku ya dawa za lazima kwa msaada wa Denmark na UNICEF, na hali ikapata nafuu.

MWISHO WAKE

Tarehe 5 Novemba 1985 Mwalimu aliacha urais kwa hiari yake, jambo lililokuwa adimu katika Afrika siku zile. Alirudi Butiama akalima. Huko pia alizitia Injili katika utenzi wa Kiswahili. Mwaka 1999 alishikwa na saratani ya damu, akapelekwa London, akafa katika hospitali ya St Thomas tarehe 14 Oktoba. Wako waliouliza kwa nini mtu aliyejenga zahanati nyingi kadiri ile hakufia nyumbani. Swali hilo latuhuzunisha, lakini halifuti kazi yake. Laonyesha tu jinsi safari ilivyobaki ndefu. Alizikwa Butiama, na watu wasiohesabika walimlilia.

MAMBO YALIYOFUATA HUKO RUFIJI

Karibu na wakati wa kufa kwake, Rufiji ilionyesha jambo ambalo lingemfurahisha. Katika miaka ya mwisho ya 1990 wakuu wa afya wa wilaya, wakisaidiwa na wataalamu wa Wizara na wa Canada, walianza kwenda nyumba kwa nyumba kuhesabu waliozaliwa na waliokufa, na kuuliza maradhi yaliyowaua. Kisha fedha za afya zikapelekwa kwenye maradhi hayo hasa, kama malaria na magonjwa ya watoto. Fedha zilizoongezwa hazikuwa nyingi, lakini katika miaka michache vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Hapakuhamishwa mtu, watu waliulizwa kwanza, ndipo wakapangiwa.

Siku hizi Kibiti ni wilaya yenyewe, iliyotengwa na Rufiji. Lami yapita hapo kwenda Lindi na Mtwara. Lakini katika visiwa vya delta mgonjwa angali akitazama maji kujaa na kupwa. Huko juu mtoni limejengwa bwawa kubwa la umeme lenye jina la Julius Nyerere, nalo lilianza kutoa umeme mwaka 2024. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, mafuriko yaliingia tena katika mashamba na nyumba za watu wa Rufiji na Kibiti. Mto bado ni ule ule, na watu wangali wakiishi kwa rehema yake.

Basi ndugu, nasi wazee wa kanisa na wainjilisti tulio na kazi ya kuwasaidia watu, twajifunza nini? Tumshukuru Mungu kwa mtu huyu aliyekataa kwamba mkulima afe kwa sababu ya kuwa mbali. Wengi wetu tulizaliwa mikononi mwa wakunga waliosomeshwa katika siku zake. Lakini tuchukue na onyo lake. Tukipenda kupeleka dawa, kisima au shule kwa watu, twende kwanza tukakae nao, tuwaulize wanalima wapi, wanapita njia gani, na maji yao hujaa saa ngapi. Aliye mgonjwa katika dungu la mpunga ni jirani yetu sawasawa na aliye mgonjwa kando ya barabara. Na ikiwa yeye hawezi kutufikia, ni juu yetu kupanda mtumbwi kumfuata.