Sayyid Said bin Sultan na Manowari Zake Siku za Amani

Watu wa mwambao wamtajapo Sayyid Said bin Sultan humtaja kwa mambo mawili: karafuu za Unguja na Pemba, na mizinga yake iliyoelekezwa Mombasa. Yote mawili ni kweli. Lakini lipo jambo la tatu lisilotajwa sana, nalo ndilo tulilokusudia kulieleza: namna alivyozitumia merikebu zake za vita katika siku ambazo hapakuwa na vita.

Alizaliwa Samail, katika nchi ya Oman, mwaka 1791. Baba yake, Sayyid Sultan bin Ahmad, aliuawa baharini mwaka 1804, na ilipofika mwaka 1806 kijana huyu, umri wake miaka kama 15, alikwisha kushika mamlaka ya Maskati. Nchi ile ni ya majabali na mchanga. Asiyekuwa na chombo hana riziki. Basi tangu ujana wake alijua ya kwamba dola yake itasimama juu ya maji au haitasimama kabisa.

Merikebu zake kubwa alizijengesha Bombay. Iliyokuwa kubwa kupita zote ni Liverpool, iliyoshushwa majini mwaka 1826, yenye mizinga 74. Manowari ya namna hiyo ni mali nyingi mno. Ikikaa bandarini, jua linapasua mbao zake, chaza na fuo la bahari hula ubavu wake, na mabaharia wake hula mshahara kila mwezi. Sayyid hakukubali kuwa na mlaji asiyechuma. Vita vikitulia, manowari zake zilipakiwa bidhaa zikaenda Bombay, Calcutta na bandari nyinginezo, mizinga ingali mahali pake. Merikebu moja ikawa mlinzi, mfanya biashara na mjumbe wa mfalme. Wazungu wengine waliliona jambo hilo kuwa ni upungufu wa heshima ya kifalme. Sisi twaliona kuwa ni akili.

Mwaka 1833 alikuja Maskati Mmarekani Edmund Roberts katika manowari Peacock, wakaandikiana mkataba wa urafiki na biashara. Wamarekani wakaruhusiwa kuuza na kununua katika bandari za Sayyid kwa ushuru wa 5 kwa 100 tu juu ya bidhaa wanazoteremsha. Roberts aliporejea mwaka 1835 na mkataba uliokwisha kuthibitishwa kwao, Peacock ikapanda mwamba karibu na kisiwa cha Masira, hata ikabidi baadhi ya mizinga itupwe baharini ili chombo kielee. Sayyid alipopata khabari alituma msaada, mizinga ikaopolewa, akawarudishia wenyewe bila ya kudai hata pesa moja. Mwaka 1837 balozi wa Marekani alikuwa amekwisha kukaa Unguja. Wa Uingereza hakufika mpaka mwaka 1841.

Safari iliyo mashuhuri zaidi ni ya Sultana. Merikebu hiyo, yenye mizinga 14, iling'oa nanga Unguja mwezi wa Februari 1840, na tarehe 30 Aprili ikaingia bandari ya New York. Msimamizi wake na mjumbe wa Sayyid alikuwa Ahmad bin Naaman. Ndani yake mlikuwa na tende, pembe za ndovu, karafuu, kahawa, sandarusi, ngozi na mazulia; na pamoja na hayo zawadi za Rais Martin Van Buren, miongoni mwazo farasi wawili wa Kiarabu, lulu, na upanga uliotiwa dhahabu. Rais hakuweza kuzipokea, kwani sheria ya nchi yake yamkataza mwenye cheo kuchukua zawadi ya mfalme wa kigeni bila ya idhini ya baraza lao. Baraza likatoa idhini zipokewe kwa jina la dola, na nyingine zikauzwa, fedha zikaingia hazina. Wengi wa watawala wangefaa kuisoma sheria hiyo mara mbili.

Wamarekani nao hawakuwa wachoyo. Sultana ilikuwa imechakaa kwa bahari, wakaitengeneza katika karakana ya manowari zao bila ya malipo. Iliondoka mwezi wa Agosti, ikafika Unguja mwezi wa Disemba, imechukua, pamoja na bidhaa nyingine, marobota 125 ya nguo ile ambayo mama zetu waliiita merikani.

Kwa Waingereza mambo hayakwenda sawa hivyo. Katika mwaka 1836 Sayyid aliwapa Liverpool yenyewe, manowari yake kubwa, iwe zawadi kwa mfalme wao William wa Nne. Wakaibadilisha jina wakaiita Imaum, na mwisho wake ulikuwa Jamaica. Yeye alipewa chombo cha anasa kiitwacho Prince Regent, kizuri cha kutazama, naye hakuwa na haja nacho, akakitoa zawadi kwa mtawala wa Waingereza Bara Hindi. Alitoa mizinga 74 akapokea mapambo. Walakini hatumwiti mjinga: alijua hawezi kupigana na dola ile baharini, akanunua urafiki wake kwa kitu cha thamani kubwa aliyokuwa nayo.

Wala haitupasi kuuficha upande wa pili. Manowari zizo hizo zilizobeba karafuu ndizo zilizokuja Mombasa tangu mwaka 1828, na mji ulipoanguka mwaka 1837 wakubwa wa Kimazrui walikamatwa wakapelekwa Bandar Abbas, hawakurudi kwao. Na karafuu hizo zilichumwa na watumwa. Mikataba ya mwaka 1822 na 1845 ya kupunguza biashara ya watumwa aliitia sahihi kwa kushurutishwa na Waingereza, si kwa kupenda. Amani aliyoiona mfanya biashara wa Salem au Bombay katika bandari ya Unguja haikuwa amani kwa aliyeteremshwa humo akiwa amefungwa.

Sayyid alifariki tarehe 19 Oktoba 1856 akiwa baharini, karibu na visiwa vya Shelisheli, katika merikebu yake Victoria, akitoka Maskati kwenda Unguja. Mwanawe Barghash alikuwamo chomboni. Hakukubali baba yake azikwe majini, kama ilivyo desturi ya mabaharia. Akaihifadhi maiti hata Unguja, ikashushwa usiku, ikazikwa kabla mji haujajua.