Gijubhai Badheka: Mwanasheria Aliyeacha Mahakama kwa Ajili ya Watoto

Yako majina yanayotajwa kwa heshima katika nyumba za Wagujarati ambayo majirani zetu hawajapata kuyasikia. Mojawapo ni la Gijubhai Badheka, mtunzi na msimulizi wa hadithi za watoto. Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya hekalu letu tumeona ni vema kusimulia maisha yake. Alipata kuishi Afrika ya Mashariki akitafuta riziki kama babu zetu, na kazi aliyoiacha inawahusu watoto wa kila kabila na kila dini.

Jina lake kamili ni Girijashankar Bhagwanji Badheka. Alizaliwa tarehe 15 Novemba 1885 katika mji mdogo wa Chital, Saurashtra, katika familia ya Kibrahmin. Alisoma Bhavnagar, kisha akaingia Samaldas College, chuo ambacho Mahatma Gandhi alikisoma kwa muda mfupi mwaka 1888. Mahitaji ya maisha hayakumruhusu kumaliza. Mwaka 1907, akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, alivuka bahari kuja Afrika ya Mashariki.

Wakati huo reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imekwisha kufika Kisumu, na Dar es Salaam ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani. Vijana wengi wa Kathiawar na Kutch walikuja kwa nia ya kukaa miaka michache, lakini maduka, watoto na makaburi ya wazee yakawafunga hapa. Ndiyo asili ya wengi wetu. Gijubhai yeye alirudi kwao mwaka 1909. Waliosimulia maisha yake hukubaliana kwamba ugenini ndiko alikojifunza kujitegemea.

Aliporudi alisomea sheria Bombay, akawa wakili katika mji wa Wadhwan. Kazi ilimpa kipato na heshima. Mwaka 1913 alizaliwa mwanawe, Narendra, na hapo likazuka swali ambalo kila mzazi analijua: mtoto huyu atasoma wapi? Shule za wakati ule zilijengwa juu ya kukariri na fimbo. Baba huyo hakuridhika. Akasoma habari za Maria Montessori, daktari wa Italia ambaye mwaka 1907 alikuwa amefungua mjini Roma nyumba ya watoto wa maskini, ambamo mtoto alijifunza kwa mikono yake mwenyewe bila kutishwa.

Mwaka 1916 aliacha uwakili, akajiunga na taasisi ya Dakshinamurti iliyoanzishwa Bhavnagar na Nanabhai Bhatt. Sisi wafanyabiashara twajua uzito wa kuacha shughuli inayolipa ili kuanza jambo lisilo na faida ya fedha. Mwaka 1920 akafungua Bal Mandir, yaani hekalu la watoto. Jina hilo lilikuwa na maana yake: kwamba mtoto astahili kukaribiwa kwa unyenyekevu, kama tunavyoingia mahali patakatifu tukiwa tumevua viatu.

Hakumfuata Montessori kwa kila jambo. Montessori aliziwekea mashaka hadithi za kubuni kwa watoto wadogo, lakini Gijubhai alizipa nafasi ya mbele. Alikusanya ngano za bibi na babu wa Kigujarati, akaziandika kwa lugha nyepesi, pamoja na nyimbo na michezo ya kuigiza. Vitabu vyake, vya watoto, wazazi na walimu, vinapita 200. Kinachojulikana zaidi ni Divaswapna, kisa cha mwalimu aliyepewa mwaka mmoja afundishe darasa la nne kwa njia yake. Siku ya kwanza anashindwa kabisa kuwatuliza watoto. Inayofuata anawasimulia hadithi, na darasa lote linanyamaza kusikiliza.

Kwa upole wake watu walimwita mama mwenye masharubu. Mwenzake katika kazi, Tarabai Modak, baadaye aliipeleka elimu hiyo hadi vijiji vya watu wa asili wa Maharashtra. Gijubhai alifariki tarehe 23 Juni 1939, akiwa na umri wa miaka 53.

Kwa nini tunamkumbuka hapa, kati ya Kinondoni na Temeke? Kwa sababu swali lake bado halijajibiwa. Madarasa yetu yana watoto wengi kupita kiasi, na fimbo haijastaafu. Wajukuu wetu wanaelewa Kigujarati lakini wanajibu kwa Kiingereza. Majirani nao wanatuambia kwamba wajukuu wao hawajui tena kuitikia pakawa mzee anaposema paukwa. Hasara hii ni yetu sote.

Tena ngano zetu ni ndugu. Kisa cha kima aliyemhadaa papa kwamba moyo wake ameuacha mtini, kilichosimuliwa pwani hii tangu zamani, kinafanana sana na kile cha nyani na mamba katika Panchatantra. Ngano zilivuka Bahari ya Hindi pamoja na mchele, nguo na karafuu, wala hazikulipiwa ushuru.

Kwa hiyo tunatoa pendekezo kwa wanachama na majirani. Ua wa hekalu ni mpana na kivuli kipo. Tutenge saa moja kila juma, mzee mmoja wa Kigujarati na mmoja wa Kiswahili wakae na watoto, wa kwetu na wa mtaani, wawasimulie. Hakuna ada, hakuna mtihani, hakuna fimbo. Wazee wanaokumbuka ngano wamebaki wachache, na kila mwaka tunawasindikiza wengine. Walio tayari kusimulia wajiandikishe kwa kamati kabla sherehe hizi hazijamalizika.