Emerson Romero, kiziwi aliyewarudishia wenziwe sinema

Nilipokuwa Naivasha kwa safari, usiku mmoja baada ya isha niliingia banda la video karibu na kituo cha matatu. Filamu ilikuwa ya Kichina, na msimulizi akiieleza kwa Kiswahili: nani kaingia, nani kachomoa upanga. Mzee mmoja kipofu, jirani yangu wa kiti, alicheka kuliko sote. Lakini kijana kiziwi aliyeketi mbele yetu alitoka kabla ya nusu, maana hapakuandikwa hata neno moja. Nikamkumbuka marehemu Emerson Romero, mtu mashuhuri kwa viziwi, walakini huku pwani ni wachache wamjuao.

Romero alizaliwa Havana, Cuba, tarehe 19 Agosti 1900. Alipokuwa na miaka sita alishikwa na kifaduro, kikamwondolea usikivu, akapelekwa New York kusomeshwa. Zama hizo sinema zilikuwa bubu. Wachezaji walieleza mambo kwa uso na mikono, na maneno yakaandikwa kwenye pazia; kiziwi na asikiaye wakaketi sawasawa. Romero alianza kucheza filamu kwao Cuba, kisha akaenda Hollywood, akajiita Tommy Albert.

Raha ile haikudumu. Mwaka 1927 ilitoka sinema ya sauti, na baada ya muda si mrefu maandishi yakaondolewa. Mchezaji kiziwi akakosa kazi, mtazamaji kiziwi akakosa maana. Romero akarejea New York, akaajiriwa benki, na mwaka 1934 yeye na wenziwe wakaanzisha chama cha viziwi cha michezo ya kuigiza.

Mwaka 1947 alishika mkasi. Alinunua filamu kuukuu, akazikata, akapachika baina ya picha vipande vilivyoandikwa mazungumzo, kisha akazikodisha kwa shule na vilabu vya viziwi. Kazi hiyo ilikuwa na kasoro: filamu zilirefuka, na sauti ikaharibika hata asikiaye asifaidi. Lakini njia ilikwisha kuonekana. Walimu wa viziwi waliofuatia walipata ufundi wa kuchapa maneno juu ya picha yenyewe, na mwaka 1958 Marekani ikapitisha sheria ya serikali kugharimia filamu za namna hiyo. Romero alifariki mwaka 1972.

Leo darsa na mawaidha ya masheikhe wetu yamo katika simu, kwa video. Nyingi hazina maandishi, na viziwi Waislamu wa Lamu, Mombasa na Naivasha huona midomo ikicheza tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, imewapa walemavu haki ya kupata mawasiliano kwa njia ziwafaazo. Romero alihitaji mkasi na fedha za kununulia filamu. Sisi twahitaji simu, na kijana mmoja mwenye subira ya kusikiliza na kuandika. Na palipo na picha isiyojieleza, sauti ya kumweleza kipofu. Ilmu iliyoenezwa nusu bado ni deni.