Maisha ya Edgar Codd, Bwana wa Majedwali

Ndugu zangu wanafunzi, pamoja nanyi wenzangu mliokwisha kutoka shuleni, mara nyingi katika gazeti letu hili tumesoma habari za wafalme, majemadari na wasafiri mashuhuri. Leo nataka kuwaelezeni habari za mtu ambaye hakuteka nchi wala hakutawala watu, lakini kazi yake inawagusa ninyi kila mnapotuma fedha kwa simu, na kila mnapoandikisha jina hospitalini. Mtu huyo ni Bwana Edgar Codd. Nina deni kwake, na mbele kidogo nitaeleza ni deni gani.

Bwana Codd alizaliwa tarehe 19 Agosti, 1923, katika kisiwa cha Portland, pwani ya kusini ya Uingereza. Baba yake alifanya kazi ya kutengeneza ngozi, na mama yake alikuwa mwalimu. Katika watoto saba yeye ndiye aliyekuwa kitinda mimba. Alisoma shule ya sekondari huko Poole, kisha akapata nafasi katika Chuo Kikuu cha Oxford, akajifunza hesabu na kemia. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto aliingia katika jeshi la anga la Uingereza, akawa rubani. Vita ilipokwisha alimaliza masomo yake, na mwaka 1948 akavuka bahari kwenda Marekani. Huko akaingia katika kampuni ya IBM, iliyokuwa ikitengeneza mashine za kuhesabu.

Mwaka 1953 aliihama Marekani akaenda kukaa Ottawa, Kanada. Sababu yake ilikuwa chuki yake juu ya matendo ya Seneta Joseph McCarthy, ambaye siku zile alikuwa akiwashitaki watu ovyo kwamba ni Wakomunisti. Hapo tunaona tabia ya bwana huyu: neno alilolijua kuwa si haki hakulivumilia, hata kama lilimletea hasara. Baada ya miaka michache alirudi Marekani, na ingawa alikuwa mtu mzima mwenye kazi nzuri, hakuona haya kukaa tena darasani. Alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1965, akiwa amepita miaka arobaini.

Kisha akahamia San Jose, katika jimbo la California, kwenye nyumba ya utafiti ya IBM. Ndipo alipoanza kazi iliyompatia sifa.

Zamani zile habari katika kompyuta zilipangwa kama matawi ya mti, au kama mnyororo, pete moja ikishika nyingine. Aliyetaka kujua jambo ilimpasa ajue njia yote, apite tawi kwa tawi mpaka alifikie. Mpango wa habari ukibadilishwa, programu zilizojengwa juu yake ziliharibika. Bwana Codd aliona kuwa huo ni utumwa. Mwaka 1970 alichapisha makala akaeleza njia nyingine: habari zote ziwekwe katika majedwali, yenye safu na mistari.

Tutwae mfano wa shule. Jedwali moja lina namba za wanafunzi na majina yao. Jedwali la pili lina namba hizo hizo na karo iliyolipwa. Namba ndiyo inayounganisha majedwali hayo mawili, wala hapana haja ya kujua kila mstari umelala wapi ndani ya mashine. Mtu huuliza tu anachotaka, yaani ni wanafunzi gani hawajamaliza karo, na mashine yenyewe hutafuta njia ya kukipata. Msingi wa mpango huu aliutoa katika hesabu zile zile tunazofundishwa darasani, hesabu za seti.

Lakini nabii hapati heshima kwao. IBM ilikuwa na mpango wake wa zamani ulioiingizia fedha nyingi, basi haikuwa na haraka na mpango mpya. Wataalamu wengine walisema kwamba mawazo ya Codd ni mazuri katika karatasi tu, na kwamba mashine itakuwa nzito mno. Mwaka 1974 alijadiliana mbele ya mkutano na Charles Bachman, aliyekuwa mtetezi mkubwa wa njia ya zamani. Hakurudi nyuma. Wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakabuni lugha ya kuulizia majedwali, ambayo leo huitwa SQL. Na katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Michael Stonebraker na wenzake wakajenga mpango ulioitwa Ingres, ambao ukoo wake ndio uliozaa PostgreSQL ya leo.

Mwaka 1981 Bwana Codd alipewa Tuzo ya Turing, ambayo ni heshima kuu kupita zote katika elimu ya kompyuta. Hata hivyo hakulewa sifa. Alipoona wauzaji wengi wanayabandika jina lake maneno yasiyo yake, mwaka 1985 alitoa sheria kumi na mbili za kupimia hifadhidata, ipi ni ya kweli na ipi ni ya jina tu. Alifariki Florida tarehe 18 Aprili, 2003, akiwa na umri wa miaka 79.

Sasa nieleze deni langu. Mimi ni mtunza kumbukumbu katika hospitali moja, na majedwali yetu yamo katika PostgreSQL. Katika mpango huu, mstari ukibadilishwa au ukifutwa, ule wa zamani haupotei papo hapo, kwa maana huenda mtu mwingine bado anausoma. Hubaki kama takataka mpaka ufagiliwe. Programu yenyewe hufagia pole pole, lakini mimi katika ujinga wangu niliizuia, nikidhani inaichosha mashine. Miezi ikapita, na kutafuta jina moja kukawa kama kutafuta sindano katika majani.

Siku moja, saa nne asubuhi, nikaamuru ufagio mkubwa kabisa. Sikujua kwamba ufagio ule hulifunga jedwali zima mpaka kazi iishe. Wagonjwa walijaa kwenye ukumbi, akina mama wamebeba watoto wenye homa, na hapana kadi iliyofunguka. Niliona haya kuwatazama usoni.

Mzee mmoja wa idara yetu hakunigombeza. Jioni alinikalisha mbele ya kioo cheusi cha maandishi, akanionyesha amri iitwayo vacuumdb. Kwanza, alisema, fanya nakala ya habari zote kwa pg_dump. Kisha fagia kwa ufagio mdogo, usiofunga mlango kwa wasomaji wala waandishi, na uiambie amri hiyo ihesabu hali ya majedwali. Ule mkubwa ni wa usiku, tena kwa nadra.

Nilimwuliza kuhesabu kuna faida gani. Akanijibu kwa kunisimulia habari za Bwana Codd. Yeye ndiye aliyetaka mashine ichague njia badala ya mtu. Nayo haiwezi kuchagua vema ikiwa hesabu zake ni za mwaka jana. Basi tangu siku ile programu nimeiachia ifagie, na kila usiku wa Jumapili ninaiandika amri ile kwa mkono wangu, nikangoja mpaka imalize.

Ndugu zangu, Codd alitupunguzia kazi ya kutafuta njia, lakini kazi ya kufagia alituachia sisi. Anayeidharau, atakaoumiza ni wale waliopanga mstari mlangoni.

Mwanafunzi wa Zamani