Habib Saleh na Chuo Kilichoishi Baada Yake

Mwalimu mmoja wa Tulia, kule Kitui, aliniuliza hivi karibuni shule ndogo ya watu binafsi, isiyo na mfadhili mkubwa, hupangiwa vipi ili ikue hata miaka mingi mbele. Swali lake ni zito. Sisi watu wa pwani tumeona vyuo vingi vikifa pamoja na walimu wao: leo mwalimu anazikwa, kesho mikeka inakunjwa. Jibu langu ni maisha ya Habib Saleh wa Lamu, Mungu amrehemu.

Jina lake kamili ni Sayyid Saleh bin Alawy Jamalilleil. Alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19, akaja Lamu angali kijana. Alisoma kwa masheikh wa mji, miongoni mwao Mwenye Mansab, sharifu na mshairi mkubwa. Angeweza kukaa na waungwana katika nyumba za mawe, akasomesha watoto wao na kula vizuri. Lakini yeye alihamia upande wa Langoni, nje ya mji wa mawe, kwenye vibanda vya makuti walikokaa watumwa, waliokuwa watumwa, na wageni wasio na ukoo mjini. Hao ndio aliowafundisha.

Jambo hilo liliwaudhi wakubwa. Siku hizo elimu ya dini ilikuwa mali ya koo chache, na utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria pwani ya Kenya mpaka 1907. Tena Habib Saleh alisomesha maulidi ya Habib Ali al-Habshi wa Seiwun, Hadhramaut, kwa matari, na wako waliokataa katakata kusikia ngoma msikitini. Hoja hiyo haijesha mpaka leo. Yeye hakugombana nao, aliendelea kusomesha.

Sasa tutazame alivyojenga. Kwanza, alipata ardhi, na ardhi hiyo ikawekwa wakfu. Mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi, wala haigawanywi mwalimu akifa. Hapo ndipo ulipojengwa Msikiti wa Riyadha, mwanzoni mwa karne ya 20, na chuo chake. Pili, alichukua wanafunzi ambao hakuna mwengine aliyewataka, kwa hiyo hakumnyang'anya mtu riziki yake, na darasa lake halikukosa watu. Tatu, maulidi ya kila mwaka, katika Mfunguo Sita, yaliwaleta wageni kutoka miji mingine, kila mmoja na sadaka yake na mtoto wake wa kusomeshwa. Nne, na hili ndilo kubwa, aliwaandaa warithi yeye yu hai. Wanawe, akiwamo Sayyid Ahmad Badawy, walisomesha naye, na wanafunzi wake walitoka kwenda kufungua vyuo kwengine.

Kwa maoni yangu, wengi wetu tunaopanga shule huanza na jengo, kisha tukatafuta wanafunzi, na mwisho kabisa, tukishazeeka, ndipo tunapouliza nani atashika. Habib Saleh alianza na watu. Kibanda kilitosha mpaka watu walipozidi kibanda. Hakukimbilia ukubwa, wala hakuifunga elimu kwenye jina lake peke yake.

Alifariki Lamu katikati ya miaka ya 1930, akiwa mzee sana. Wale waliotaraji kuwa chuo kingekufa naye walikosea. Riyadha ilizidi kupokea wanafunzi kutoka visiwani, bara na nchi jirani, na maulidi yake yakawa sikukuu kubwa ya Lamu nzima, hata wajukuu wa wale waliomkataa wakahudhuria. Watoto wa watumwa walikaa mkeka mmoja na masharifu, na wakasoma kitabu kimoja. Kibanda cha makuti hakipo tena, wanafunzi wapo.